Kama Mnavyoona Kwenye Slaidi Hii

Makala ya kwanza niliyotumiwa ilihusu namna ya kuwajumuisha watu wenye ulemavu katika vyuo vikuu. Niliifungua asubuhi, nimekaa kitandani na kompyuta mapajani, nikasubiri ile sauti ya mashine inayonisomea kila kitu, kuanzia ujumbe wa mama yangu mpaka nadharia za watu waliokufa. Sauti ikasema, "Picha." Nikabonyeza kwenda ukurasa wa pili. "Picha." Wa tatu. "Picha." Ikaendelea hivyo mpaka ikatangaza, "Mwisho wa waraka," kwa furaha ya mtumishi aliyemaliza zamu bila kufanya kazi.

Mimi sioni. Nilipofuka nikiwa mtoto wa shule ya msingi huko Tabora. Msiba huo tulishaumaliza na matanga yakaanuliwa, kwa hiyo msomaji asihangaike kunionea huruma. Machozi yake awawekee wanaolazimika kusoma wanayoandika maprofesa. Nilikuja Johannesburg kusomea shahada ya uzamivu kwenye kitivo cha elimu. Nachunguza jinsi watoto wa wahamiaji wanavyoelewa Kiswahili cha mama zao lakini wanakijibu kwa Kizulu. Sikuwa na shida ya kutafuta mifano. Ilikuwa inapiga kelele kila jioni kwenye korido za ghorofa letu.

Ghorofa lenyewe liko Berea, ni la zamani, na lifti yake imebaki jina. Nilikuwa nimepanga chumba kwa dada mmoja Mkongo wa Lubumbashi, msusi, aliyegeuza sebule kuwa saluni. Asubuhi ile alikuwa na mteja tayari, mama wa Kirundi aliyekuja kusukwa rasta ndefu. Nikatoka chumbani na kompyuta yangu.

"Dada, nisaidie kidogo. Hii makala ni picha tupu, mashine haiwezi kuisoma. Mtu ameichapa kwenye karatasi, akazipiga picha karatasi zake, akanitumia picha."

"Aliogopa nini?" aliuliza msusi.

"Sijui. Hebu nisomee ukurasa mmoja tu."

Akafuta mikono, akaanza kusoma. Dada yule Kifaransa anakimudu vizuri sana, na Kiingereza anakisoma kama Kifaransa kilichokosea njia. Baada ya aya mbili nilikuwa sijui kama makala inahusu ulemavu au divai. Tukafika kwenye mchoro.

"Hapa iko dessin," alisema.

"Inaonyesha nini?"

"Iko na masanduku. Moja ya bleu, moja ya rouge. Ya bleu iko murefu. Ya rouge iko mufupi, masikini."

"Chini yake pameandikwa nini?"

Nikasikia kiti kinasogezwa karibu na dirisha. "Eish. Herufi iko kidogo sana. Miye na macho yangu yote siwezi kuona."

"Basi wamewafungia wote," alisema mama wa Kirundi kutoka kitini, nusu ya kichwa imesukwa.

Nikampigia simu msimamizi wangu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kongamano ambalo makala ile iliandikiwa, na ndiye aliyenialika. Wenzangu walialikwa kusoma makala. Mimi nilipewa dakika chache za mwisho "kueleza uzoefu". Wenzangu walikuwa na hoja, mimi nilikuwa na uzoefu. Nilikubali kwa sharti moja tu, nitumiwe makala zote mapema ili nisikae pale kama mgeni wa arusi asiyemjua bwana wala bibi.

"Lakini tumekutumia zote," alisema profesa.

"Mmenitumia picha, Prof. Mashine yangu haisomi picha."

"Hapa kwangu zinasomeka vizuri kabisa."

"Naamini. Wewe una macho."

"Hakuna mtu hapo nyumbani wa kukusomea?"

"Yupo. Ana kichwa cha mtu mkononi mpaka jioni."

Akacheka. Nisimsingizie, profesa yule si mtu mbaya. Ni mtu mkarimu, anayejua majina ya watoto wa wafagiaji wote wa kitivo, ila hakuna siku aliyowahi kufungua mlango ukakataa kufunguka. Aliahidi kuwaandikia waandishi watume makala upya, ziwe maandishi na si picha. Kisha akaniambia kwa fahari kwamba safari hii wameweka bango la nukta nundu kwenye mlango wa ukumbi. "Utalipenda," alisema.

Siku ya kongamano nilishuka ngazi za Berea na fimbo yangu, nikachukua gari la kukodi mpaka chuoni. Mlangoni mwanafunzi mmoja wa kupokea wageni aliushika mkono wangu kwa heshima kuu akaupeleka kwenye bango. Nilipapasa. Nikapapasa juu, nikapapasa chini.

"Mbona ni laini?" niliuliza.

"Ni kioo," alisema. "Wameliweka ndani ya fremu lisichafuke."

Nikamwambia ampelekee profesa salamu zangu, kioo ni safi kweli.

Walituweka mstari wa mbele, viti vya wageni maalumu, yaani watu wenye ulemavu, ili waliobaki wapate kutuangalia visogo wakati tunajumuishwa. Makala zilizotumwa upya zilikuwa zimenifikia mbili tu. Nyingine zote nilizisikia pale pale kwa masikio, na ndipo nilipoujua ule wimbo wa taifa wa wasomi: "Kama mnavyoona kwenye slaidi hii." Kila msemaji aliuimba. Kama mnavyoona, hali inajieleza. Kama mnavyoona, tofauti ni kubwa. Msemaji wa tatu aliposema, "Kama mnavyoona, sihitaji hata kuongeza neno," nikanyoosha mkono.

"Samahani, ongeza neno. Slaidi inasema nini?"

"Aa! Samahani sana. Inaonyesha... mwelekeo."

"Mwelekeo wa nini?"

"Wa hali."

"Hali inaelekea wapi?"

Watu wakacheka nyuma, naye akaanza kuieleza slaidi, kwa taabu, kama mtu anayeelezea nyumba yake mwenyewe kwa polisi baada ya kuibiwa. Wakati bado anahangaika, kuna mtu alilalamika kwamba projekta haionekani vizuri, jua linaingia. Nikasikia mapazia yanavutwa na swichi inabonyezwa. Ukumbi ukatoa ile pumzi ya raha ya watu walioruhusiwa kusinzia.

Hapo hapo jirani yangu wa kushoto akapiga mguu sakafuni, kwa nguvu. Akapiga tena. Kisha akanigusa bega na kunisogezea simu sikioni. Simu ikazungumza Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, kwa lafudhi ya mmisionari aliyeshuka melini jana. Ilinichukua muda kuelewa inasema: "Dada, nimeona kwenye kitambulisho chako unatoka Tanzania. Mimi Mkenya, kiziwi. Wamezima taa. Mkalimani wangu wa lugha ya alama amepotelea gizani. Wewe sauti yako wataisikia. Sema kitu."

Nikasimama. "Jamani, washeni taa."

"Tukiwasha, slaidi hazitaonekana," alisema profesa kutoka mbele.

"Mimi siioni slaidi mkiwasha wala mkizima. Huyu mwenzangu haoni mikono ya mkalimani. Kati ya slaidi na mtu, nani ana tiketi?"

Taa zikawashwa. Nikakaa. Simu ikarudi sikioni: "Asante." Nami nikaishika, nikaiambia kwa Kiswahili fasaha, "Usijali kaka yangu, tuko pamoja," nikampa aone ilichoandika. Alitetemeka kwa kicheko mpaka kiti changu kikatikisika. Akaandika, simu ikanisomea: "Kwa maelezo ya simu, unataka kuniuzia gari la babu yako." Ikabidi tuhamie Kiingereza, maana ndiyo lugha ambayo simu ile ilikuwa imesomeshwa.

Alikuwa mtafiti wa elimu kama mimi, amekuja Afrika Kusini miaka kadhaa nyuma, anakaa Rosettenville. Alinieleza kwamba ilimbidi ajifunze lugha ya alama ya huku upya, kwa sababu ya kwao Kenya ni nyingine. "Watu wanadhani viziwi wote duniani tunaongea lugha moja," simu ilisema. "Kama vile vipofu wote mnavyojua kupiga kinanda." Nikamwambia mimi hata ngoma sijui.

Mwishoni kabisa ikafika zamu yangu ya uzoefu. Sikuwa na slaidi hata moja. Kwa nini nihangaike na kitu nisichokiona? Nilisimama mbele ya maikrofoni na moyo umejaa picha, vioo na mielekeo ya hali, nikayamwaga yote. Niliwasema kwa makala zao za picha. Nikalisema bango. Niliwaambia kwamba mtu akishindwa kuieleza slaidi yake kwa maneno, basi afadhali angetuonyesha picha ya paka. Nilisema haraka, kwa sababu nilipewa dakika chache, na kwa sababu nikikasirika Kinyamwezi changu huingia ndani ya Kiingereza na kukisukuma. Nikamaliza kwa sauti ya juu, nikasubiri makofi.

Kimya.

Si kile kimya cha watu kuguswa. Kimya kitupu. Hakuna kiganja, hakuna hata kikohozi. Nilisimama pale jasho linanitoka, nikajiambia, haya, umewatukana watu wazima nyumbani kwao, sasa tafuta fimbo yako uondoke. Nikageuka, nikajigonga kwenye meza, nikarudi kitini kwa kubahatisha. Mpaka nakaa bado kimya.

Simu ikaja sikioni. "Umeuteka ukumbi mzima. Bado wanashangilia."

"Wanashangilia wapi?" nilimwuliza kupitia simu.

"Mwenyekiti ameonyesha ishara kwamba leo tupige makofi ya viziwi. Mikono juu, tunaitikisa hewani. Ukumbi ni kama shamba la mahindi lenye upepo."

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Wamejifunza kumshangilia mtu kwa namna pekee duniani ambayo kipofu hawezi kuijua, na wameifanya kwa heshima ya ulemavu. Sikuweza hata kukasirika. Ilikuwa kamilifu mno.

Ndipo simu ikaongeza: "Ila nikuambie kweli. Mimi nimepata nusu tu ya ulichosema."

"Nusu? Kwa nini?"

"Umeongea kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mkalimani alikufuata mpaka katikati, akashusha mikono, akanywa maji. Na huna slaidi. Hakuna hata neno moja lililoandikwa ambalo ningeweza kulishika. Habari ya paka sikuielewa kabisa. Kwani kulikuwa na paka?"

Nilitaka kujitetea, lakini kujitetea kwenyewe kulihitaji kuongea polepole mbele ya simu, na hasira haistahimili kazi hiyo. Mwisho nikamwambia, "Basi na mimi ni mmoja wao."

"Karibu," alijibu.

Wiki iliyofuata tulikutana Fordsburg, kwenye mgahawa mmoja wa Wapakistani, kuzungumza tutafanya nini. Profesa alikuwa ametuomba tuandike mwongozo wa kitivo juu ya makala na mawasilisho yanayomfikia kila mtu. Tuliagiza biriani, na kosa likawa hapo. Yeye anaongea kwa vidole, iwe ni alama au simu, na vidole vyake vilikuwa ndani ya biriani. Mimi nikaongea peke yangu kwa muda mrefu, naye hawezi kunisikia wala kunijibu, mpaka mhudumu akaja kuniuliza kwa upole kama nipo sawa. Kuanzia hapo tuliweka utaratibu: kwanza tunakula, kisha tunanawa, kisha tunabishana.

Na tulibishana. Mimi nilitaka kila mchoro uelezwe kwa maneno marefu. Yeye alitaka maneno machache, makubwa, kwenye skrini, na msemaji afunge mdomo mpaka watu wamalize kusoma. Mimi nilisema kimya kile kinaniacha nje. Yeye akasema gumzo langu linamwacha nje yeye. Tulikubaliana kwamba msemaji asome kwa sauti kila kilichoandikwa, polepole, na kisichostahili kusomwa kwa sauti kisiandikwe. Mwongozo tukakataa kuuandika. "Wataupiga picha," alisema, "watautuma, na watauweka ndani ya fremu." Badala yake tukamwambia profesa kwamba mtu yeyote anayetaka kuwasilisha chochote kwenye kitivo aje kwanza afanye mazoezi mbele yetu wawili. Akitupita sisi, atampita yeyote.

Wa kwanza kujitolea alikuwa profesa mwenyewe. Alikuja mchana mmoja na slaidi zake, tukakaa kwenye chumba kidogo cha semina, mimi, Mkenya, mkalimani na yeye. Alianza vizuri. Alisoma vichwa, alingoja mikono ya mkalimani itulie, aliielezea picha ya darasa lenye watoto kwa namna iliyonifanya nihisi vumbi la chaki. Kisha akafika kwenye grafu.

"Hapa tuna grafu," alisema. "Ina mistari mitatu. Wa kijani ni shule za mjini, unapanda. Wa bluu ni shule za pembezoni, unapanda kidogo kisha unatulia. Na huu mwekundu..."

"Huu mwekundu?" nilisaidia.

"Huu mwekundu unashuka."

"Unahusu nini, Prof?"

Nikasikia anasogea karibu na skrini. Nikasikia anarudi kwenye kompyuta, anabonyeza, anabonyeza tena. Mkenya akasema kitu kwa mikono, na mkalimani akamsemea: "Anauliza, je, mimi tu ndiye sijaelewa?"

"Unajua," alisema profesa hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "grafu hii nimeionyesha nchi nne. Watu huwa wanatikisa vichwa. Mimi pia huwa natikisa kichwa." Akavuta pumzi. "Sijui huu mstari mwekundu unafanya nini hapa."

Hakuna aliyecheka kwa muda kidogo, kwa adabu. Kisha Mkenya akaanza, akacheka kile kicheko chake kikubwa kisicho na mipaka, kwa kuwa mwenyewe hakisikii, mkalimani akafuata, na profesa naye akavunjika akacheka mpaka akalazimika kukaa. Baadaye aligundua ni mstari uliosahaulika kutoka utafiti mwingine kabisa, ulionakiliwa pamoja na wenzake na kusafiri nao. Aliufuta. Grafu ikabaki na mistari miwili, na kwa mara ya kwanza ikaelezeka kwa sentensi moja.

Baada ya hapo habari zilienea, na watu wakaanza kuja wenyewe, wengine wakinung'unika. Mhadhiri mmoja alidai kwamba akieleza kila kitu hotuba itakuwa ndefu mno. Tukamshauri apunguze vitu. Mwingine aliweka maandishi ya njano juu ya nyeupe, Mkenya akamwuliza kama ni siri. Mimi nilijifunza kuongea na kupumua kwa zamu, na kuwa na slaidi, ambazo dada yangu msusi alinikagulia kabla sijazipeleka. Alizipenda, ila aliona hazina urembo, na bila kuniuliza akaongeza maua pembeni. Nilijua kuhusu maua siku niliyowasilisha, kwa sababu Mkenya aliuliza ni ya nini, na mkalimani akamsemea.

Kongamano la mwaka uliofuata lilifanyika na taa zote zinawaka. Mhadhiri mmoja mzee alilalamika waziwazi kwamba sasa hakuna hata mahali pa kufumba jicho. Makofi yalipigwa ya aina mbili, mikono hewani na viganja vikigongana, fujo tupu, lakini kila mtu aliyepewa alijua amepewa. Na makala zote zilitumwa mapema, maandishi kweli kweli, zina vichwa ninavyoweza kuruka kimoja hadi kingine, na kila mchoro una maelezo yake.

Niliisikiliza ya kwanza Jumamosi moja juu ya paa la ghorofa letu, nikianika nguo, simu mfukoni na kisikilizio sikioni. Nilikuwa nimeingoja kama mtu anavyongoja mwezi uandame. Ilinisomea yote bila kukwama hata mahali pamoja, na nilipofika mwisho, shuka mkononi, nikatambua kwamba ilikuwa makala mbovu. Mbovu kabisa. Mwandishi alikuwa amejirudia, amewanukuu rafiki zake, na hitimisho lake halikuwa na undugu wowote na mwanzo.

Nikashuka chumbani, nikamwandikia hivyo, kwa adabu lakini bila sukari, nikimwonyesha kurasa. Alinijibu kesho yake kwa barua pepe ndefu yenye ghadhabu. Alisema nimesoma juu juu, sijaelewa mkabala wake, na kwamba kazi yangu mwenyewe juu ya watoto wa wahamiaji ina matundu kama chekeche. Uzoefu wangu hakuutaja hata mara moja. Mashine ilinisomea matusi yote kwa ile sauti yake tulivu, neno kwa neno. Nikairudia tena kuanzia mwanzo, nikajimiminia chai, nikakaa sawasawa, nikaanza kumjibu aya kwa aya.